Kisu cha mfukoni: namna « inox » ilivyosahaulisha watu kinoo

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, neno « inox » likiandikwa kwenye ubapa wa kisu cha kukunja, mnunuzi anaamini kwamba amepata kisu kisichohitaji kazi tena. Lakini neno hilo la Kifaransa linasema tu kwamba chuma hakishiki kutu upesi. Kuhusu makali halisemi kitu. Kosa hilo limeharibu visu vingi, na lina historia yake.

Kabla ya vita ya kwanza ya dunia, visu vya mfukoni vya Ulaya vilikuwa vya chuma cha kaboni. Mwaka wa 1890, katika milima ya Savoie, inchi ya Ufaransa, kijana Joseph Opinel alitengeneza kisu chepesi chenye mpini wa mti. Mwaka wa 1897 kulikuwa na ukubwa 12, kuanzia namba 1 mpaka 12. Chuma hicho kinanoleka vizuri sana, lakini kinabadilika rangi kikikata chungwa, na kinashika kutu kikiachwa na maji. Kwa hiyo ilibidi mwenye kisu akipanguse kila mara. Kwa kuwa alikuwa anakishika tayari, ilikuwa rahisi kukipitisha kwenye jiwe.

Na jiwe bora lilitoka Ubelgiji: coticule, jiwe la rangi ya manjano la upande wa Vielsalm, katika Ardennes. Ndani yake mna chembe ndogo sana za garneti, nazo ndizo zinazokwaruza chuma. Linatumiwa na maji, si mafuta. Matabaka yake ni membamba, kwa hiyo vipande vingi vinagandishwa juu ya jiwe lingine jeusi ili visivunjike. Wenye kunyoa kwa wembe mrefu walilipenda sana, mpaka wembe wa kutupa wa Gillette ulipofika sokoni mwaka wa 1903.

Miaka kumi nyuma, yaani mwaka wa 1913, Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipata chuma chenye kromiamu akitafuta dawa ya kulika kwa mitutu ya bunduki. Mwaka wa 1921 kiwanda cha visu cha Ibach, Uswisi, kilianza kutumia chuma kisichoshika kutu na kujiita Victorinox. Sehemu ya mwisho ya jina ni « inox » hiyo hiyo. Kutu ikapungua, na kwa wengi desturi ya kukiangalia kisu ikapungua pamoja nayo. Sasa kisu kinaachwa mpaka kinakataa kukata nyanya, ndipo kinapelekwa kwa mwenye mashine ya kunoa. Gurudumu likizunguka kavu, ukingo unapata moto. Ukiona rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha kupotea mahali hapo, na makali hayatakaa tena.

Hapa Kongo kazi ya chuma ni ya zamani sana. Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi walioanza kazi mwaka wa 1957 walifukua makaburi yenye vitu vya chuma na shaba. Mengine yamepita miaka 1000. Hakuna inox humo.

Kunoa kidogo kila juma kunachukua dakika chache. Jiwe la mtoni linafaa kama ni sawa na laini. La mchanga mkubwa linakwaruza tu. Lilowanishwe, ubapa ulazwe karibu kabisa na jiwe, mgongo ukiinuliwa kidogo, na pembe hiyo isibadilike. Kidole kikihisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, ni wakati wa kugeuza. Mwishoni, mipito michache myepesi, kisha kwenye mkanda wa ngozi ili uzi ule utoke.

Bawaba nayo inataka tone moja la mafuta ya cherehani. Mawese hayafai hapo: yanaganda, yanakamata vumbi, na baada ya muda kisu hakifunguki bila kuvunja ukucha.