Chimbuko la Upasuaji wa Marudio wa Neva ya Alna
Mwaka 1898, Benjamin Farquhar Curtis wa Marekani alieleza namna ya kuihamisha neva ya alna kutoka nyuma ya kiwiko hadi mbele, chini ya ngozi. Mwaka 1942, James Learmonth wa Uskoti aliilaza chini ya misuli. Mwaka 1957, Geoffrey Osborne wa Uingereza alipendekeza kukata tu utepe unaoibana, bila kuihamisha. Historia hiyo humhusu mgonjwa ambaye ganzi ya kidole cha mwisho imemrudia, kwani neva iliyohamishwa huweza kubanwa na kovu au kupindika mahali papya. Hivyo, upasuaji wa marudio huanza kwa kutafuta kilichoachwa au kilichozushwa na ule wa kwanza. Misuli midogo ya kiganja ikishasinyaa, huenda nguvu zisirejee.