Ngano ya Jangwani

Kusini mwa Riyadh, katika wilaya ya Al-Aflaj, palikuwa na maziwa ya Layla. Maji yake ya buluu yalitoka chini ya ardhi, na watu wa mjini walikuja kuogelea hapo. Jina Al-Aflaj ni wingi wa falaj, mfereji wa kumwagilia mashamba. Kufikia miaka ya 1990 maziwa hayo yalikuwa mashimo makavu. Maji yaliyoyalisha yalikuwa yamevutwa na visima vya mashamba, na mengi yalikwenda kwenye ngano.

Mambo yalianza na hofu. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani na washirika wake mafuta, na huko Marekani zikasikika sauti zikitaka chakula nacho kigeuzwe silaha. Saudi Arabia, nchi isiyo na mto wa kudumu hata mmoja, ilikuwa ikila mkate wa ngano iliyoletwa kwa meli. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na haifai kubezwa.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilitangaza kununua ngano ya wakulima wake kwa riyali 3,500 kwa tani, yaani zaidi ya dola 1,000, wakati ngano ya soko la dunia ilipatikana kwa chini ya dola 200. Aliyetaka kulima aligawiwa ardhi bure, akakopeshwa bila riba na Benki ya Kilimo, akalipiwa sehemu kubwa ya gharama za mbolea na mitambo. Maji hayakuwa na bei. Aliyechimba kisima alivuta atakavyo.

Jangwa likabadilika rangi. Maeneo ya Qassim, Hail, Tabuk na Wadi al-Dawasir yalijaa mashamba ya duara, kila moja likinyweshwa na bomba refu lenye magurudumu linalozunguka kisima chake. Maghala ya serikali, yaliyokuwa yakipokea tani elfu chache tu kwa mwaka, yalifurika. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilijitosheleza, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalifika tani milioni 4 kwa mwaka. Saudi Arabia ikaingia katika orodha ya wauzaji wakubwa wa ngano duniani.

Hapo ndipo kosa lilipokomaa. Kujilisha ni jambo moja. Kuuza nje kwa hasara ngano iliyonunuliwa kwa bei ya juu ni jambo jingine kabisa. Kila tani iliyopakiwa melini ilikuwa imekunywa zaidi ya mita za ujazo 1,000 za maji yaliyojikusanya ndani ya miamba maelfu ya miaka iliyopita, enzi ambazo Arabia ilipata mvua nyingi. Leo mvua ya sehemu kubwa ya nchi ni kama milimita 100 kwa mwaka, na haiwezi kuyarudisha. Faida nayo ilielemea kwenye makampuni na wenye mashamba makubwa, kwa kuwa ruzuku ilihesabiwa kwa tani: mwenye tani nyingi ndiye aliyelipwa zaidi.

Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991 hazina ilizidiwa. Malipo ya wakulima yalichelewa, na ununuzi ukapunguzwa. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza ununuzi kwa asilimia 12.5 kila mwaka hadi uishe mwaka 2016.

Hata hivyo pampu hazikunyamaza. Wakulima wengi walihamia alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe wa maziwa, ambayo hunywa maji mengi kuliko ngano kwa sababu hukatwa mwaka mzima. Ikabidi kilimo cha majani hayo nacho kibanwe. Mwaka 2014 kampuni ya maziwa ya Almarai ilinunua karibu ekari 10,000 huko Arizona, Marekani, ili majani yalimwe huko na kusafirishwa.

Mkate wa Riyadh umerudi kutegemea, kwa sehemu kubwa, ngano ya meli. Maziwa ya Layla hayajarudi.