Maboya ya Pasifiki na Habari za Chini ya Bahari

Mwaka 1982 maji ya joto yalienea upande wa mashariki wa Bahari ya Pasifiki, nao wataalamu hawakuitambua El Niño hiyo mpaka ilipokaribia kilele chake. Sababu mojawapo ilitoka angani. Volkano ya El Chichón, huko Mexico, ilikuwa imelipuka mwezi wa Machi na Aprili, na ukungu wake ukazidanganya setilaiti: joto la uso wa bahari likasomeka kuwa dogo kuliko lilivyokuwa. Vipimo vya meli vilikuwa vichache, tena vilichelewa.

Stan Hayes, wa maabara ya NOAA mjini Seattle, alitaka chombo cha bei nafuu kitakachokaa baharini miezi mingi na kutoa habari zake bila kungoja meli. Ndivyo lilivyozaliwa boya la ATLAS, ambalo la kwanza lilitiwa baharini mwaka 1984. Lina umbo la pete, na nanga yake, jambo la kuchekesha kidogo, ni magurudumu makuukuu ya treni. Juu yake mna vyombo vya kupima upepo, joto la hewa na unyevu. Chini, kambani, vimefungwa vipimajoto hadi kina cha mita 500. Redio yake hupeleka vipimo kwenye setilaiti, ambayo hapa ni tarishi tu wala si shahidi.

Kina hicho ndicho kiini cha jambo lenyewe. Maji ya joto husafiri chini kwa chini kuelekea mashariki, yakifuata ikweta, miezi kadhaa kabla uso wa bahari haujabadilika.

Hayes alifariki mwaka 1992, asiwahi kuona maboya yapatayo 70 yakikamilika mwezi wa Desemba 1994. El Niño ya 1997 ilifuatiliwa siku kwa siku. Mwishoni mwa mwaka huo mafuriko yaliikumba Afrika Mashariki, ingawa Bahari ya Hindi nayo ilichangia sana mvua hizo.

Adui wa maboya hakuwa dhoruba peke yake. Samaki hukusanyika chini yake, wavuvi huwafuata, na vyombo huvunjwa au kuibwa. Mwaka 2012 Marekani iliiondoa kazini Ka'imimoana, meli iliyoyahudumia. Mwanzoni mwa 2014 ni kama asilimia 40 tu ya vipimo iliyokuwa ikifika. Fedha zilitolewa, matengenezo yakafanyika. Lakini upande wa magharibi Japani, iliyoutunza tangu 2000, ilikuwa imekwisha kuanza kuyaondoa maboya yake.