Nzi Walionilipia Karo

Mhariri wetu ameniandikia mara tatu akinitaka nitoe makala juu ya "historia yo yote unayoijua vizuri". Historia ya timu ya mpira imekwisha andikwa, na ya bweni jipya pia. Mimi nitaandika historia ya nzi. Wale tulioingia Kidato cha Kwanza pamoja mwaka wa 1971 wasicheke kwanza.

Mtakumbuka kwamba kila nilipoulizwa kazi ya mama yangu nilijibu kuwa ni mshonaji wa nguo. Haikuwa kweli. Mama alikuwa akifunga nzi. Aliketi katika karakana moja mjini, mbele yake jiliwa dogo limebana ndoana, akaizungushia uzi, utepe wa fedha na manyoya ya ndege mpaka kikatokea kidudu kisichofanana na mdudu ye yote wa kwetu. Siku njema alimaliza dazani kumi. Alilipwa kwa dazani, na nzi mwenye bawa lililopinda hakuhesabiwa. Nzi hao walipelekwa Ulaya kuvulia samaki aitwaye trauti, ambaye Mama hakuwahi kumwona. Mwana wa mfunga nzi! Nilijua mngeniita hivyo mpaka siku ya mtihani wa mwisho, basi nikanyamaza, nanyi mkanisadiki.

Majina ya nzi hao niliyajua kwa moyo kabla ya kujua majina ya wafalme wa Uingereza: Butcher, Peter Ross, Invicta, Coachman. Hao wote ni wa aina ya zamani, nzi wa kuzama. Nyoya la shingoni la nzi wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwa kuku jike, ni laini, hulowa upesi na kucheza ndani ya maji kama miguu ya mdudu. Katika karne ya 19 mabwana wa mito ya kusini ya Uingereza walianza kujivunia nzi wa kuelea, wakawadharau wanaozama. Lakini katika maziwa ya Scotland na Ireland nzi wa kuzama hakuondoka.

Huko mvuvi huacha mashua isukumwe na upepo ubavuubavu, akatupa mshipi mfupi mbele yake. Mshipi hubeba nzi watatu. Wa mwisho huzama zaidi, wa kati humfuata, na wa juu, mwenye manyoya mengi, huburutwa juu ya mawimbi mvuvi ainuapo ufito. Mara nyingi samaki huja kwa sababu ya huyo wa juu, kisha akageuka na kummeza mmoja wa walio chini. Mwenye mwili wa fedha hudhaniwa kuwa kisamaki kidogo. Invicta wa manjano hudhaniwa kuwa mdudu anayepanda kutoka majini ili aruke.

Nilipoanza kusoma habari zao nikiwa mwalimu kijana, nilistaajabu kuona ni nani waliowabuni. Peter Ross alikuwa mwenye duka katika kijiji cha Killin, kwenye kichwa cha ziwa Loch Tay. Alimchukua nzi wa zamani aliyeitwa Teal and Red, akampa nusu ya mwili ya fedha, na jina lake likadumu. Butcher husemekana kuwa wa mchinjaji mmoja wa Tunbridge Wells, bwana Moon. Mkia wake mwekundu na bawa lake la buluu, nadhani, ni damu na aproni. Coachman hutajwa kuwa wa Tom Bosworth, aliyeendesha magari ya farasi ya kifalme. Invicta ni wa James Ogden wa Cheltenham. Muuza duka, mchinjaji, dereva wa farasi! Nami niliona haya kwa kazi ya mama yangu.

Samaki wenyewe waliletwa kwetu mwaka wa 1905, Ewart Grogan alipotia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, trauti wa asili ya Loch Leven, ziwa la Scotland ambako uvuvi wa mashua na nzi wa kuzama ulipata sifa kubwa. Baadaye wakaja trauti wa aina nyingine, mwenye ubavu wa waridi, na huyo ndiye aliyepandishwa mpaka maziwa ya juu ya Mlima Kenya.

Mwaka wa 1984 nilipanda na walimu wenzangu wawili hadi ziwa Rutundu, zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa nimenunua Nairobi nzi sita waliofungwa humu humu nchini. Mpaka saa nne sikupata kitu. Upepo ulipoanza kukunja maji, nikatupa, nikahesabu hadi kumi ili Invicta azame, nikavuta polepole. Mshipi ukakaza. Nilimfunga samaki kwa majani mabichi, na nzi nikamwacha taya lilipomnasa, maana nilitaka Mama aone kazi yake.

Wazee wa kwetu mlimani hawakula samaki, na Mama hakuwa tofauti. Alimtazama mara moja tu, kwa kinyaa kidogo. Kisha akavaa miwani, ambayo kazi ile ilikuwa imemlazimisha kuvaa mapema, akamchomoa nzi, akampeleka dirishani, akampindua huku na huku.

"Huyu si wangu, baba," akasema. "Angalia bawa."

Akaniambia nikamtafutie ndoana safi. Jioni ile, bila jiliwa, kwa nyoya la jogoo wake na uzi wa cherehani, alinifungia mmoja. Alifariki mwaka wa 1993. Nzi yule sijamtia majini hata siku moja, na siku ya mkutano wetu nitakuja naye ndani ya kibweta cha kiberiti.