SAFU YA LUGHA: Kimeng'enya si mdudu

Wanafunzi wa hapa Pugu nawasikia wakisema DNA hunakiliwa maabara na "mdudu asiyekufa kwa moto". Hapo bakteria amechanganywa na kimeng'enya. Bakteria ni kiumbe hai. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Hakina uhai, kwa hiyo hakifi, huharibika. Neno limetokana na kumeng'enya chakula tumboni, lakini maana yake imepanuka. Kimeng'enya kinachonakili DNA maabara, Taq, kazi yake kuu si kuvunja, bali kuunda uzi mpya wa DNA. Bakteria anayekitengeneza, Thermus aquaticus, aligunduliwa na Thomas Brock na Hudson Freeze kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960.

Maabara, kimrija chenye DNA na Taq hupashwa joto hadi sentigredi 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, kikapozwa, kisha kwenye 72 hivi Taq ikanakili. Mizunguko 30 ya namna hiyo yaweza kukifanya kipande kimoja kuwa nakala bilioni moja. Vimeng'enya vilivyotumika kabla ya Taq viliharibiwa na joto hilo la 95, ikabidi viongezwe kila mzunguko.

Wengine husema "kichocheo". Si kosa, ila ni neno pana: kila kimeng'enya ni kichocheo, lakini hata madini ya platini ni kichocheo. Hamira nayo si kimeng'enya, bali ni kuvu hai wenye vimeng'enya ndani yao. Basi tuseme: bakteria ametoa kimeng'enya, kimeng'enya kimenakili DNA.