Kaskazi, Msimu wa Mazungumzo

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba hakikuidhuru sana. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka kisiwani kwetu. Historia hiyo imeandikwa mara nyingi kwa hesabu za magunia, bei na ushuru. Mimi nataka kuandika jambo jingine lililokuja na karafuu, ambalo sijaona likiandikwa ipasavyo: msimu wa kuzungumza.

Mpemba huzungumza mwaka mzima, silikatai hilo. Lakini zamani mazungumzo marefu, yale ya kuipima dunia, yalikuwa na wakati wake, na wakati wenyewe ulipangwa na mti na upepo. Uchumaji mkubwa huanza Julai na, mwaka ukiwa mzuri, hufika Disemba. Siku hizo watu wako mitini tangu alfajiri, jioni wanachambua, usiku wamelala kwa uchovu. Masika nayo, kuanzia Machi, mvua huwafukuza watu barzani na mpunga hudai mikono. Katikati pana kaskazi. Jua kali, usiku wa joto usiomlaza mtu mapema, fedha za karafuu hazijesha, harusi zimefuatana, na huko mashamba watu wanatia ng'ombe kiwanjani wamcheze. Upepo huohuo ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni, Somalia na Lamu, yakija na tende, papa na chumvi, na mabaharia waliokuwa hawana budi kungojea kusi ili warudi kwao. Mtu anayengojea upepo ana nafasi ya kusimulia.

Nimezaliwa Wete miaka ya hamsini, na nimesomesha skuli za Pemba mpaka nikastaafu. Nyumba yetu ilikuwa na barza ya saruji mbele, pande mbili za mlango, na juu ya barza ya kushoto palikuwa na dirisha la ukumbi. Mtoto wa kike hakai barzani na wanaume, kwa hivyo elimu yangu ya mambo ya dunia niliipata chini ya dirisha lile, nimekaa juu ya jamvi, nikijifanya nashona.

Mazungumzo yenyewe ni makongwe kuliko barza ile. Katika karne ya 19 Pemba ilikuwa na Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa tungo mpaka majina yao yakawa hayatajwi mbali mbali. Kitabu cha kazi zao, Kale ya Washairi wa Pemba, kilitoka 2011, na anayekisoma ataona kwamba shairi halikuwa pambo. Lilikuwa njia ya kutoa hoja mbele ya watu na kungojea jibu. Aliyeshindwa kujibu alijulikana mji mzima. Wazee niliowasikia mimi walikuwa wameshaacha tungo, lakini waliirithi adabu yake: unamwachia mwenzako amalize, kisha unamtaka aonyeshe alikolitoa neno lake. "Nani kakwambia?" lilikuwa swali la heshima kabisa, na asiyeweza kulijibu alinyamaza.

Kwanza habari zilikuja kwa karatasi. Gazeti la Mwongozi lilianza 1942, Afrika Kwetu la Mtoro Rehani likafuata 1948, na kila moja lilisema lake kuhusu nchi ni ya nani. Gazeti moja lilitosha barza nzima, kwa sababu mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakamkatiza. Kisha ikaja redio. Sauti ya Unguja ilianza 1951. Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili katikati ya miaka ya hamsini, na Wazanzibari walimjua Ahmed Rashad Ali kwa sauti. Juni 1957 BBC nayo ikafungua idhaa yake. Baba alikuwa akiiweka redio dirishani, uso wake umeelekea nje. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Kaskazi ya kwanza ninayoikumbuka kwa maneno yake ni ya Januari 1961. Uchaguzi wa mwezi ule ulikuwa wa vyama vitatu na viti 22: ASP ilipata 10, ZNP 9, na ZPPP ya Mohamed Shamte, mtu wa hapa hapa Pemba, ikapata 3. Jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP kwa kura moja. Kura moja! Nilikuwa mdogo, sikuelewa chama wala kiti, lakini nilielewa moja. Usiku baada ya usiku watu walimtafuta huyo mtu mmoja: nani alikuwa safarini, nani aliumwa, nani alikataa kutoka shamba kwake. Halafu wabunge watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukalazimika kurudiwa Juni. Hesabu ya kutoa na kujumlisha nilisomeshwa skuli, lakini matumizi yake niliyasikia dirishani.

Hapa lazima niwaseme wanaoandika habari za barza, kwa sababu wote huishia kwa wanaume na kahawa yao. Wanasahau kwamba habari nyingi za kaskazi zilikuwa zimeshapita mikononi mwa wanawake miezi kadhaa kabla. Karafuu ikichumwa huja na vikonyo vyake, na lazima ichambuliwe usiku uleule au kesho yake asubuhi, kabla haijaanikwa. Kazi hiyo ilikuwa yetu na watoto. Tunakaa duara, rundo katikati, taa ya mafuta juu ya kinu kilichopinduliwa, vidole vinakwenda vyenyewe na mdomo uko huru. Karafuu huku, makonyo kule. Na waliokaa kwenye duara hawakuwa wa mtaa mmoja. Wahadimu na Watumbatu walikuwa wakivuka kutoka Unguja kuja kuchuma, wengine na wake zao, wakikaa kambini mpaka msimu umalizike. Mwanamke wa Makunduchi alimweleza bibi yangu mambo ya Unguja ambayo hayakuwa gazetini: nani kanyang'anywa shamba la kulima muhogo, mgomo wa bandarini umewaachaje wake wa wachukuzi, daktari gani hospitali kuu anasikiliza. Bibi alimweleza babu usiku. Babu akalitoa barzani Januari kama lake.

Sisemi haya kwa kumshitaki babu. Alikuwa mtu mwema na alimpenda bibi. Nasema kwa sababu historia ya fikra za kisiwa hiki ikianzia barzani, inakuwa imeanzia katikati.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, Shamte akiwa Waziri Mkuu, na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Yote mawili yalitukuta kaskazi, tumeshakaa. Baada ya hapo barza za Pemba zilibadilika kwa namna ambayo vijana hawaielewi wakisimuliwa. Hazikuvunjwa. Watu waliendelea kukaa, kahawa ikaendelea kumiminwa, bao likaendelea kuchezwa. Lakini redio ilirudi chumbani na sauti yake ikapunguzwa, na swali la "nani kakwambia?" likawa halina heshima tena, kwa kuwa jibu lake lingeweza kumpeleka mtu kwenye bakora. Tulijifunza kuzungumza mambo yasiyokuwa na mwenyewe.

Ndipo sayansi ilipotuokoa. Julai 1969 binadamu alikanyaga mwezi. Habari ilifika watu wako mitini, ikawekwa kiporo. Ramadhani ya mwaka ule iliandama Novemba, na kaskazi iliyofuata mtaani kwetu halikuzungumzwa jengine. Mwezi ulikuwa salama, haukuwa na chama. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliuliza kama mwezi uliokanyagwa bado unafaa kuandamwa. Nahodha mzee aliyekuwa akienda Mombasa na Lamu alijibu kwa bahari: bamvua lile lile, maji mafu yale yale, kila jambo kwa siku yake, basi mwezi haukutikisika kwa kushukiwa na Wamarekani. Kijana aliyetoka chuo cha ualimu akaeleza jinsi mwezi unavyovuta maji, na jua nalo linavyovuta, na kwamba yanapovuta pamoja ndipo maji yanapojaa sana na kutoka sana. Nahodha alinyamaza, kisha akamuuliza kwa nini basi bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na si siku ile ile. Kijana hakuwa na jibu. Nilikuwa msichana wa skuli, na nilikwenda kulitafuta jibu hilo kwa miaka. Maji ni mengi na mazito, mabonde ya bahari yana umbo lake, kwa hivyo mvuto huchelewa kuonekana. Nahodha alilijua jambo bila ya sababu na kijana aliijua sababu bila ya jambo. Sijapata somo la fizikia lililonikaa kama lile.

Ukimya ulilegea polepole. Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alijiuzulu, na mwezi uliofuata Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, akawa Waziri Kiongozi. Kaskazi ile barza zilipata koo tena. Mapema 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, ikaja hofu ya Popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usingizini, na familia nzima nzima zikawa zinalala nje pamoja kwa kuogopa kulala ndani. Ninachokikumbuka zaidi katika siku zile ni kwamba wanawake tulikaa barzani mpaka alfajiri na hakuna aliyetwambia tuondoke. Tulizungumza kila kitu, na uchaguzi hasa.

Kisha tarehe 27 Januari 2001. Waandamanaji wa upinzani walipigwa risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, na watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwenye kaskazi zote nilizoishi, hiyo ndiyo pekee niliyoona barza zimebaki saruji tupu. Kuna majirani ambao sauti zao sikuzisikia tena chini ya dirisha, na sitaeleza zaidi ya hapo.

Mwaka wa kabla yake, 2000, mazungumzo yalikuwa yamepata jambo jingine: ilifunguliwa Wawi maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitaliano wa vimelea. Watoto wetu skuli walikuwa wakitoa mkojo na choo wapimwe kichocho na minyoo, na wazazi walitaka kujua kinachofanywa nacho. Niliwaita mama zao wakae ukumbini, nikawaeleza konokono wa mabwawani na vijidudu vinavyomwingia mtoto kwa ngozi akioga humo. Waliniuliza maswali makali kuliko ya mkaguzi yeyote wa elimu. Mmoja alitaka kujua kama konokono huyo huyo ndiye aliyeko kwenye bonde lake la mpunga. Lilikuwa swali la kweli, na tulilipeleka Wawi tukajibiwe.

Mwaka 2010 waya wa umeme ulipita chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha kwa msaada wa Norway, na televisheni zikawaka bila kutegemea majenereta. Wanaume wengi waliingia ndani. Sasa habari zinakuja kwa simu, kutoka kwa watoto walioko Maskati na Toronto, na zinamfikia kila mtu peke yake, bila mtu wa pembeni wa kumuuliza kazipata wapi. Hilo linaniuma, sifichi.

Kwa hivyo nimeanza kuwarekodi wanawake wenzangu wanaokumbuka duara za kuchambua. Nilianza na wifi yangu, aliyekulia kambi za upande wa Konde. Nilitaraji anielezee siasa. Alinieleza doti ya kanga: kila msimu walikuwa wakihesabu pishi ngapi za karafuu zichumwe mpaka ipatikane doti moja, na idadi ilipozidi mwaka hadi mwaka walijua, kabla ya mtu yeyote barzani kulisema, kwamba mkulima anaibiwa. Ameahidi kunitajia hesabu za kila mwaka anaoukumbuka, na mimi nimenunua daftari.