Meja Mwangi: Kutoka River Road hadi Karen

Mwalimu mwenzangu, tunapofundisha riwaya ya mjini, aghalabu tunamtaja Meja Mwangi kisha tunamwacha hapo. Upande wake wa filamu hatuugusi. Ilhali upande huo ndio unaotufunulia nafasi aliyotengewa mwandishi Mwafrika filamu za kigeni zilipopiga kambi Nairobi.

Kufikia mwaka 1976 Mwangi alikuwa amekwisha kuchapisha Kill Me Quick (1973), Carcase for Hounds (1974) na Going Down River Road. Isome tena hii ya mwisho. Ben na Ocholla wanapotoka mjengoni Development House na kuelekea kwenye vilabu vya pombe, mtunzi hatuelezi sana yaliyomo mioyoni mwao. Anatuonyesha jasho, uchafu wa barabara na glasi iliyo mezani, kisha anawaacha wazungumze kwa kejeli zao. Kwa maoni yangu, huo ni uandishi wa mtu anayeona kwa jicho la kamera. Si ajabu kwamba mwaka 1981 Mnigeria Ola Balogun aliigeuza Carcase for Hounds kuwa filamu, Cry Freedom.

Halafu studio ya Universal ikaleta Out of Africa, filamu iliyotolewa mwaka 1985. Nyumba iliyotumiwa ni ya Ngong Dairy, mtaani Karen, safari isiyozidi kilomita 20 kutoka River Road. Mwangi alikuwemo, lakini kama mmoja wa wasaidizi wa mwelekezi, kazi ya kupanga watu na ratiba. Mswada uliandikwa na Kurt Luedtke, aliyewahi kuwa mhariri wa gazeti mjini Detroit, naye akatuzwa Oscar. Akina Farah na Kamante tunawatazama humo kwa macho ya mwajiri wao, Karen Blixen.

Huenda ukauliza, msomaji: je, Hollywood haikuwadunisha hata waandishi wake yenyewe? Iliwadunisha, tena sana. Mwaka 1942 William Faulkner alijifunga kwa studio ya Warner Bros. kwa dola 300 kwa wiki. Baadhi ya miswada yake haikupigwa picha kamwe, na The Big Sleep (1946) ina majina ya waandishi watatu. Lakini Faulkner alidunishwa akiwa na kalamu mkononi. Mwangi, mwenye riwaya kadhaa zilizosifiwa, hakupewa kalamu hiyo Karen.

Darasani, mpe mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ukurasa mmoja wa Going Down River Road augeuze kuwa mswada wa filamu kwa Kiswahili. Nani anaonekana kwanza? Nani anasikika bila kuonekana? Na Ocholla anazungumza Kiswahili gani: sanifu, au Sheng? Swali hili la mwisho huenda likamaliza kipindi kizima, kwani mazungumzo yote hayo Mwangi aliyaandika kwa Kiingereza.